Shavu la hamsta na uyoga wa masika: tusikisie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wazazi wa Dar es Salaam ambao watoto wao wanafuga hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, na hasa wale wanaomtoa mnyama huyo nje jioni acheze kwenye majani. Masika yanapoanza mwezi Machi, na tena vuli zikianza Oktoba, uyoga hujitokeza bustanini kwa usiku mmoja, na hapo mambo mawili yanayoonekana hayahusiani hukutana: mfuko wa shavu la hamsta na uyoga usiojulikana. Hamsta akipata kitu laini chenye harufu ya chakula, mara nyingi hakili papo hapo. Anakisokomeza shavuni na kwenda nacho kiotani. Mtoto anamrudisha ndani akiamini mnyama hajala kitu, kumbe amebeba, na atakula usiku taa zikizimwa. Tena hamsta, kama panya wote, hawezi kutapika. Kilichoshuka tumboni kimeshuka.

Nianze na shavu lenyewe. Hamsta ana mifuko miwili, mmoja kila upande, inayoanzia ndani ya mdomo na kurudi nyuma hadi usawa wa mabega. Ni ngozi laini ya ndani ya mdomo iliyojikunja ikawa mfuko, na haina tezi za mate, ndiyo maana punje hukaa humo bila kulowa. Panya buku wetu, wale wanaofunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nao wana mifuko ya namna hiyo. Hamsta wa dhahabu, anayefugwa kuliko wengine, asili yake ni Syria. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alichimbua jike na watoto wake karibu na Aleppo, na karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa leo wametokana na kizazi kile. Ni mnyama wa nchi kavu, na mfuko wake umeumbwa kubeba nafaka na mbegu kavu. Kwenye nyumba ya Dar es Salaam tunamkutanisha na ubwabwa, joto na unyevu, na matatizo mengi ya mashavu yanaanzia hapo.

Mfuko uliojaa peke yake si ugonjwa. Hamsta mzima akitoka kula, mashavu yote mawili hufura, na ukigusa unasikia punje zikisogea chini ya ngozi. Baada ya muda anakwenda kwenye pembe yake ya akiba, anasukuma kwa mikono ya mbele kuanzia begani kuja mdomoni, na punje zinamwagika. Wasiwasi uanze pale shavu moja linapobaki limefura usiku mzima na mchana wake. Dalili nyingine ni mate yanayolowesha kidevu na kifua, harufu mbaya mdomoni, mnyama kujifuta mdomo kwa mikono kila mara, kuchukua punje kisha kuiangusha, au jicho la upande huo kutoa machozi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja husema ukweli mapema kuliko macho. Mpime kila wiki ndani ya bakuli, saa ileile, mifuko ikiwa mitupu. Hamsta wa dhahabu aliyekomaa huwa na gramu 100 hadi 150, wale wa aina ndogo gramu 30 hadi 50. Mwenye gramu 120 akishuka hadi 108, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hapo hakuna cha kusubiri.

Kinachonasa zaidi ni chakula cha kunata: kashata, halua, ubuyu wa sukari, tende, ubwabwa, mkate laini, ugali. Kikiingia kinagandamana na ukuta wa mfuko, na mnyama anapokisukuma kwa mikono kinateleza juu tu bila kutoka. Joto la mji huu linakichachusha haraka, ukuta unavimba, na mlango wa mfuko unazidi kuwa mwembamba. Sufi na pamba, ambazo watu huwawekea kama godoro, ni mbaya vilevile. Nyuzi zake hujisokota ndani ya mfuko zikawa donge, na nje ya mfuko zinaweza kufunga mguu hadi damu isipite. Mpasulie karatasi ya chooni isiyo na manukato, atatengeneza kiota kizuri tu.

Kisha kuna vitu vikali: maganda ya mpunga, vipande vya mabua, nyuzi za makumbi, vibanzi vilivyomo kwenye maranda ya mbao. Hivi haviishii kuziba, vinatoboa. Tundu la kibanzi hujifunga juu bakteria wakiwa wamebaki ndani, na siku chache baadaye panatunga usaha. Kwa nje, jipu na chakula kilichonasa hufanana, ila jipu halisogei ukilipapasa, lina joto, na mnyama huruka au kuuma ukiligusa. Meno nayo yakaguliwe. Yale manne ya mbele hukua maisha yote, na likipinda moja kwa kukosa la kusagana nalo, ncha yake inaweza kuchoma shavu kutoka ndani. Na shavu la hamsta mzee, wa mwaka mmoja na nusu kwenda juu, linaloendelea kukua polepole bila harufu wala usaha, lionwe na daktari kwa sababu linaweza kuwa uvimbe wa saratani.

Kumkagua nyumbani kunahitaji utulivu kuliko vifaa. Subiri aamke mwenyewe jioni, maana aliyekurupushwa usingizini huuma. Nawa mikono iishe harufu ya chakula, kaa sakafuni, mweke ndani ya beseni ili akiruka asianguke kutoka juu. Mpe kipande chembamba cha tango, na anapotafuna mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu kutokea pembeni. Tazama kama mashavu yanalingana, kama meno ya mbele yanakutana sawa na yana rangi yake ya kawaida ya manjano kwenda chungwa, na kama kuna unyevu kidevuni. Halafu pitisha kidole kimoja kutoka begani kwenda mdomoni bila kubonyeza. Usimnyanyue kwa kukaza ngozi ya shingo. Ngozi ya hamsta ni legevu sana, na ukiivuta yote kwa nguvu jicho linaweza kutoka kwenye tundu lake.

Ukikuta uvimbe laini, mnyama ni mchangamfu na anakula, ondoa vyakula vyote vya kunata, mwachie maji na tango, umpe usiku mmoja. Asubuhi shavu likiwa vilevile, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usiingize kibanio wala kijiti cha pamba mdomoni mwake: ukuta wa mfuko ni mwembamba, na kuuvuta pamoja na chakula ni jambo la sekunde moja. Usiminye kwa nje, kwa sababu kama ni jipu utalipasua kwa ndani. Usimpulizie maji kwa bomba la sindano. Mdomo wake ni mdogo na yuko macho, anahangaika, kwa hiyo maji hayo huishia mapafuni.

Madaktari wengi wa mifugo mjini wamezoea mbwa, paka, kuku na ng'ombe, hivyo piga simu kwanza. Uliza kama wana dawa ya usingizi ya kuvuta kwa mashine na mizani inayosoma gramu. Maswali hayo mawili yanatosha kukuonyesha kama mahali hapo pamewahi kumhudumia mnyama wa ukubwa huu. Kazi yenyewe si ndefu. Hamsta analazwa usingizi mwepesi, daktari anatoa kilichomo kwa kibanio chenye ncha butu au kijiti cha pamba kilicholoweshwa, anaosha mfuko kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa kidogo, kisha anaukagua ukuta wote kutafuta kidonda. Kama kuna jipu, analipasua, analikamua na kuliosha. Mwambie mapema kila alichokula mnyama siku mbili zilizopita. Na usimfungishe njaa kabla ya usingizi kama inavyofanywa kwa mbwa. Mwili mdogo namna hii huishiwa sukari upesi, na kwa kuwa hawezi kutapika, njaa hiyo haina faida.

Kuna hali moja inayotisha watu kuliko zote: mfuko kutoka nje. Unaona nyama ya waridi, yenye unyevu, inaning'inia pembeni mwa mdomo. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu mfuko ukikauka unakufa, na hamsta mwenyewe anaweza kuanza kuutafuna. Unachotakiwa kufanya nyumbani ni kuulinda tu. Loweka kipande cha shashi kwenye maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uiguse ile nyama nayo mara kwa mara isikauke. Mweke kwenye boksi dogo lenye karatasi laini, bila maranda yanayoweza kung'ang'ania, na uondoke. Daktari ataurudisha ndani kwa kijiti kilicholoweshwa, na mara nyingi ataushona kwa uzi mmoja kupitia ngozi ya shavu usitoke tena. Ukiwa umeshakuwa mweusi ataukata. Hamsta huishi vizuri akibaki na mfuko mmoja.

Sasa nije kwenye dawa, na hapa naomba kila mzazi asome polepole. Shavu likivimba, mkono wa Mtanzania huenda kwenye kapsuli za amoksilini zilizobaki kabatini. Amoksilini humuua hamsta. Ndivyo pia ampisilini, penisilini, erithromaisini, linkomaisini na klindamaisini. Dawa hizi hufagia bakteria wazuri wa utumbo wake, na aina ya bakteria wabaya iitwayo Clostridium inayostahimili hubaki ikijaa peke yake na kumwaga sumu. Mnyama anaanza kuharisha maji, mkia na tumbo la nyuma vinalowa, anajikunyata, na ndani ya siku chache anakufa. Mwenye mnyama husema jipu ndilo lililomuua. Madaktari wanaowajua wanyama hawa hutumia dawa kama enrofloksasini, au mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, kwa kipimo kinachopigwa kwa uzito wa mnyama husika siku hiyo. Kapsuli ya miligramu 250 ya mtu mzima haigawanyiki kwa jicho ikamfaa mwenye gramu 120. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu nazo ziacheni kabatini.

Baada ya matibabu, kwa wiki moja mpe chakula kisichobebeka shavuni: chembe za lishe ya panya zilizolowekwa hadi zikawa rojo, boga lililochemshwa, kipande kidogo cha yai la kuchemsha. Weka kidogo jioni na uondoe mabaki asubuhi, maana kwenye unyevu wetu akiba yake huota ukungu upesi. Chumba kikizidi nyuzi 30 za joto, naye yuko hatarini hata shavu likiwa zima. Sogeza kizimba chake upande wenye kivuli, feni izungushe hewa ya chumba bila kumpiga moja kwa moja, na uweke chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwa kitambaa kando ya kizimba.

Uyoga sasa. Katika bustani za Mbezi, Goba, Tabata au Kigamboni, uyoga mkubwa mweupe unaotokea katikati ya majani baada ya mvua ni wa kutiliwa shaka kabla ya kutamaniwa. Mmoja unaopenda sana viwanja vya majani vya nchi za joto wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Kofia yake huanza kama mpira mdogo juu ya kijiti, kisha hufunguka hadi kufikia upana wa sentimita 10 hadi 30, nyeupe yenye magamba ya kahawia yaliyojaa zaidi katikati. Shina lina pete unayoweza kuitelezesha juu na chini kwa vidole. Ukiugeuza, vile vikunjo vilivyojipanga chini ya kofia kama kurasa za kitabu ni vyeupe ukiwa mchanga, na baadaye hugeuka kijani cha kufifia. Anayeula hutapika na kuharisha sana ndani ya saa moja hadi tatu, wakati mwingine kwa damu, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji vibaya.

Watu huuchanganya na uyoga wa mchwa, ambao ni mtamu na ni halali ya kila mwenye kuujua. Tofauti iko chini ya ardhi, ndiyo maana nasema usiung'oe, uchimbe. Chukua kisu kirefu, chimba pembeni mwa shina taratibu. Uyoga wa mchwa una mzizi mrefu unaozama kuelekea kwenye kichuguu, hata kama kichuguu chenyewe hakionekani juu, na kofia yake mara nyingi ina kichuchu katikati. Ule mwingine unaishia kwenye kitako kilichonenepa kidogo, basi. Ukikuta kitako kimekaa ndani ya kifuko kama ganda la yai lililopasuka, achana nao kabisa. Hiyo ni alama ya jamii ya Amanita, yenye aina zinazoua.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni vumbi la spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, na hakihitaji fedha. Kata shina karibu na kofia, ilaze kofia iliyokwisha kufunguka juu ya karatasi nyeupe, vikunjo vikitazama chini, funika kwa bakuli, zima feni, acha usiku mzima. Asubuhi inua. Rangi ya kijani cha majivu inakutajia ule wa sumu niliouelezea. Waridi hafifu inaelekea kwa uyoga wa mchwa, ingawa peke yake haitoshi kukuruhusu kula. Kosa linalotokea hapa ni kutumia kofia changa ambayo bado haijafunguka: haitoi vumbi, mtu anaona karatasi safi, anasema hauna sumu.

Kugusa uyoga hakudhuru, watoto waachwe wachunguze na kunawa mikono baadaye. Wapige picha nne, ya juu, ya chini ya kofia, ya shina lililopasuliwa kwa urefu, na ya mahali ulipoota, kwa sababu uyoga ulioota kwenye gogo la mwembe ni habari tofauti na ulioota kwenye samadi. Kwenye vyungu vya maua barazani huota mdogo wa manjano makali, Leucocoprinus birnbaumii. Hauli mmea, unakula mboji iliyomo, lakini unaumiza tumbo la anayeutafuna, na ndio ulio karibu zaidi na vizimba vya hamsta vya ndani. Ukwanyue asubuhi kabla mtoto hajaamka.

Zile kanuni za mitaani za kuupima kwa kitunguu, kijiko cha fedha au chumvi zote ni za uongo. Konokono hula uyoga unaomuua binadamu bila kudhurika. Sumu ya Amanita haiondoki kwa kuchemsha, na dalili zake huchelewa: zikianza zaidi ya saa 6 baada ya mlo, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mgonjwa hupata nafuu siku ya pili huku ini likiendelea kuharibika. Aliyekula uyoga asioujua apelekwe hospitali hata akijisikia vizuri, na mabaki yabebwe ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaoyaozesha. Anayetaka kitoweo anunue uyoga wa mamama uliolimwa.

Na kama hamsta ameonekana akiubeba uyoga shavuni, mrudishe ndani haraka, mweke kwenye boksi tupu lisilo na kiota wala chakula ili akiutema uuone na kuuondoa, na umpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usisubiri dalili. Hesabu vipande vilivyotoka, maana hamsta anaweza kutema kimoja akabaki na cha pili nyuma kabisa ya mfuko.

Kumwagia bustani dawa ya kuua ukungu ni kupoteza fedha. Mwili halisi wa uyoga ni nyuzi zilizosambaa chini, zikila mizizi ya mti uliokatwa zamani au mbao za fundi zilizofukiwa. Fukua mbao hizo, uyoga utapungua wenyewe.

Mwisho nawaomba wauzaji wa maduka ya dawa, ya watu na ya mifugo: mteja akiomba amoksilini, mwulize ni ya nani. Akitaja hamsta, au simbilisi, au sungura, msimuuzie ya kunywesha. Mwelekezeni kwa daktari.

Msomaji wenu,
Mbezi, Dar es Salaam